Uzi: HHKB Studio imefika mkononi, nimeipima kwa Kiswahili (siku ya kwanza hadi ya tisa)

Bint Kalamu (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Kuna wenzetu walioniomba nikiipata tu niwaletee habari zake zikiwa bado mbichi, kwa hiyo uzi ndio huu. HHKB Studio imefika. Mdogo wangu anasoma Japani, amekuja likizo, jana akafungua begi la mkononi sebuleni mbele ya mama akaitoa katikati ya jozi mbili za soksi. Mama akauliza, "Hii ndiyo iliyokula hela ya mwaka mzima?" Ndiyo yenyewe. Nimeiwekea akiba kidogo kidogo, kazi moja ya tafsiri baada ya nyingine.

Kwa wasioijua: HHKB ni Happy Hacking Keyboard, kibodi ndogo za kampuni ya PFU ya Japani. Ya kwanza ilitoka Desemba 1996. Aliyebuni mpangilio wake ni Profesa Eiiti Wada wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mtu aliyekerwa na kila kompyuta mpya kuja na vitufe vilivyohamishwa. Ana mfano wake maarufu: wachunga ng'ombe wa Marekani, farasi akifia njiani humwacha palepale, lakini tandiko hulibeba hata kama jangwa ni refu. Kompyuta ndiyo farasi, kibodi ndiyo tandiko. Mimi nimebadilisha laptopu tatu ndani ya miaka saba, na kila mara vidole vyangu vimelazimika kujifunza upya. Maneno hayo yaliniingia.

Tangu 2003 kibodi zao za Professional zimekuwa zikitumia swichi (kile kifaa kilicho chini ya kila kitufe kinachopokea mbonyezo) za kampuni ya Topre, ambazo ndani zina kikombe cha mpira na springi yenye umbo la pia. Hii Studio, iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 385, imeacha njia hiyo. Ina swichi za mekanika za umbo la Cherry MX, yaani zile za kampuni ya Cherry zinazonakiliwa na wengi, zimetengenezwa pamoja na kampuni ya Kailh, laini zisizo na kikwazo katikati, za gramu 45, na zimenyamazishwa. Unaweza kuzing'oa ukachomeka nyingine bila kugusa solda. Katikati ya G, H na B kuna kinundu cha kusogezea mshale, kama kile chekundu cha ThinkPad. Chini ya kitufe cha nafasi kuna vitufe vitatu vya kipanya. Na kwenye kingo, mbili za ubavuni na mbili za mbele, kuna sehemu za kupapasa kwa kidole.

Kushika kwanza: nzito kuliko nilivyotegemea. Gramu 830 bila betri, na urefu wake ni kama sentimita 31. Niliiweka kwenye meza yetu ya plastiki, ile inayotikisika ukiegemea, haikusogea. Kofia za vitufe ni za PBT, aina ya plastiki ngumu, kavu, zina chengachenga kidogo ukipitisha ncha ya kidole. Kwenye laptopu yangu ya zamani kofia ya A ilikuwa imeng'aa kama sarafu, na mahali pengine herufi zilikuwa bado mpya kabisa. Hapo ndipo nataka uzi huu ujikite, maana mapitio karibu yote ya kibodi hii yameandikwa na watu wanaochapa Kiingereza au msimbo wa programu. Mimi nachapa Kiswahili saa nane kwa siku. Vidole vya Mswahili vinatembea njia nyingine.

Angalieni neno "wanaandamana". Herufi kumi na mbili, A ni sita. "Anapambana": herufi kumi, A tano. Zote hizo anabeba kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Q na X, ambazo hazimo hata kwenye alfabeti yetu, zimepewa nafasi zao na ziko pale zimekaa tu.

Halafu ngeli ya KI. Kwa mchapaji wa vidole kumi, K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia. Kitabu, kiti, kikombe, kisima, kibodi yenyewe: kila ukianza neno la ngeli hiyo, kidole kilekile kinabonyeza, kinanyanyuka, kinaruka safu ya juu. Kwa Kiingereza huo mruko si wa kila mara. Kwetu ni kila sentensi.

Na neno gumu kuliko yote nililowahi kuligundua ni "nyumba". N, Y, U, M, herufi nne mfululizo, zote za kidole cha shahada cha kulia. Kinashuka, kinapanda, kinasogea, kinashuka tena. Mkono wa kushoto unasubiri mpaka B.

Sasa basi, kwa swichi hizi za gramu 45 zisizo na kikwazo, "nyumba" imeteleza. Nimeiandika mara hamsini usiku wa jana. Kwenye kibodi yangu ya zamani yenye swichi za kahawia, zile zenye kikwazo kidogo katikati, kidole cha shahada kilikuwa kinajikwaa kwenye Y. Hapa kinapita. Na kinundu hakikunigusa, kimekaa chini kuliko nilivyohofia.

Nitaendelea kuandika humu kadiri siku zinavyokwenda. Ulizeni.

---

Bajeti Kwanza (Mwanza)

Dada hongera kwa mzigo. Ila naomba niseme linalonikaa rohoni. Dola 385 ni karibu milioni moja ya Kitanzania. Kwa hela hiyo mtu anapata laptopu ya mtumba yenye afya na chenji ya nauli inabaki. Mimi nina kibodi ya vitufe 61 ya elfu themanini, mwaka wa pili huu, inapiga kazi. Hiyo tofauti ya laki tisa inakwenda wapi?

---

Bint Kalamu

Asante mkuu, swali la haki. Nikujibu bila kuzunguka: kama unaanza, usianzie hapa. Ya elfu themanini yenye swichi za kuchomoka itakufundisha karibu kila kitu, na ukishajua kidole chako kinapenda nini ndipo uongeze hela. Umbo la swichi za Cherry limekuwa huru kunakiliwa tangu hataza zake, yaani haki za mvumbuzi, zilipokwisha muda kwenye miaka ya 2010, ndiyo maana leo Gateron, Kailh na wengine wanatengeneza zinazoingia tundu lilelile, na bei imeshuka kwa ajili yetu sote.

Mimi nilichonunua ni vitu viwili. Cha kwanza ni ukimya, nitaueleza chini. Cha pili ni kutoinua mkono. Saa nane kwa siku, mkono wa kulia ukienda kwenye kipanya na kurudi mara mia kadhaa, bega langu lilikuwa linawaka moto ikifika Alhamisi. Kinundu kinakaa kati ya vidole viwili vya shahada. Sihami.

Ningekuwa nachapa saa moja kwa siku, nisingeinunua.

---

Kijana wa Likoni (Mombasa)

Hapo kwenye ukimya ndipo panaponihusu. Mimi nina swichi za buluu, zile zenye mlio. Zamani nilizipenda sana, tiki-tiki-tiki, unajisikia unafanya kazi. Sasa nimeoa, chumba ni kimoja, na mke wangu anaamka alfajiri kwenda kazini. Nikigusa kibodi saa sita za usiku anageuka upande wa pili na kuvuta shuka. Hasemi kitu, lakini nimeelewa. Dada, hii ya kwako ina sauti gani hasa? Si kwa maelezo ya kampuni, kwa masikio yako.

La pili: sisi huku chumvi ya bahari inakula kila chuma. Umeona sehemu gani za kuhofia?

---

Bint Kalamu

Sauti yake ni kama mtu mwenye ndala anayetembea juu ya mkeka. Kuna mguso, ila hakuna mlio wa juu. Kitufe cha nafasi ndicho kizito zaidi, kinatoa "tup" ya chini. Jana mtoto wangu alilala kwenye kochi mita mbili kutoka nilipokaa, nimechapa kurasa nne, hakujigeuza. Swichi za kunyamazishwa zina vipande vya mpira ndani vinavyopokea shina linapofika chini na linaporudi juu. Gharama yake ni kwamba kitufe hakigongi chini kwa ukavu, kinatua kwenye kitu laini. Wapo wasioupenda mtuo huo. Mimi siku ya kwanza niliuona mgeni, siku ya pili nikausahau.

Chumvi: kofia ni plastiki, hazina neno. Jicho lako liweke kwenye tundu la waya na kwenye springi za chumba cha betri. Mimi huwa nafunika kibodi na kitambaa cha kanga nikimaliza kazi, na ukiwa pwani nadhani hilo ndilo la kwanza kufanya, kabla ya kununua chochote cha kusafishia.

Na kwa kuwa nimetaja betri: inatumia nne za AA. Nimesoma watu wa Ulaya na Marekani wakilalamika kwamba kibodi ya bei hii ingekuwa na betri ya kuchaji ndani. Kwangu mimi ni kinyume. AA ni betri ya saa ya ukutani, iko duka la Mangi pale kona, iko kwa muuza karanga stendi. Umeme ukikatika siku nzima sina wasiwasi na kibodi. Na betri ya ndani ikifa baada ya miaka minne, nani ataniletea nyingine? Hii ikifa nabadilisha mwenyewe kwa dakika moja. Ukitaka waya, tundu la USB-C lipo.

---

Msimbo Nairobi

Sasa hii ni mada yangu kabisa. Natumia Vim, programu ya kuandikia msimbo inayoendeshwa kwa herufi za kibodi, kwa hiyo kukosa vitufe vya mishale hakunisumbui hata kidogo, mishale yangu ni H, J, K na L siku zote. Na lile wazo la kuweka Control kando ya A, mahali wengine wanapoweka Caps Lock, ndilo lililonifanya niipende HHKB miaka mingi iliyopita. Kompyuta za zamani za mfumo wa Unix zilikuwa hivyo, na Profesa Wada alikuwa mtu wa Unix. Nani anahitaji Caps Lock kubwa namna ile?

Maswali mawili. Wewe si mtu wa Vim, mishale unafanyaje? Na programu ya kubadilisha vitufe inafanya kazi kwenye mfumo wa Linux?

---

Bint Kalamu

Mishale: unashika Fn, kitufe kinachovipa vingine kazi ya pili, kilicho kulia kwa Shift ya kulia, kwa kidole kidogo, halafu mabano ya mraba ya kufungulia ni juu, nukta-mkato ni kushoto, kitufe cha mkato wa juu ni kulia, mkwaju ni chini. Zinaunda almasi ndogo chini ya vidole vya kulia. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Siku ya pili nilianza kuipata. Ila kuna jambo moja letu hapa: kitufe cha mkato wa juu ndicho tunachokitumia kwa ng'ombe, ng'ambo, king'ora. Nikiwa nimetoka kusogeza mshale na Fn haijaachiwa sawasawa, nikiandika "ng'ambo" mshale unaruka kulia na mkato hautokei, napata "ngambo". Imenitokea mara tatu kwenye faili moja. Mfasiri mwenzangu anayesahihisha kazi zangu angeniuliza imekuwaje. Dawa yake ni kuachia Fn kabisa kabla ya kuanza neno, na hilo linakuja na mazoea.

Programu ya kupangia vitufe niliyopakua ni ya Windows na Mac. Lakini mpangilio ukishauandika unakaa ndani ya kibodi yenyewe, si kwenye kompyuta. Azima Windows ya jirani nusu saa, panga, kisha rudi kwenye Linux yako nayo itatii. Tandiko la Wada hilo. Kwa Bluetooth inashika vifaa vinne, na cha tano kwa waya.

---

Mama Uhazili (Tabora)

Wanangu, nimesoma uzi huu wote nikaona niingie. Nimefundisha kupiga chapa kwa miaka ishirini na sita, tangu taipureta za mkono. Huyu binti amesema kweli tupu kuhusu A. Kwenye taipureta ilikuwa inaonekana kwa macho: kidole kidogo hakina nguvu ya kurusha chuma mpaka kwenye utepe, kwa hiyo barua nzima herufi nyingine zimekoza na A zote zimefifia. Mwanafunzi analeta karatasi, unaishika kwenye mwanga wa dirisha, unamrudisha. Nilikuwa nawapa mstari mmoja wa "baba ana saa" wauandike ukurasa mzima mpaka A zilingane na wenzake.

Nina swali kwako mwanangu. Umesema Control iko kando ya A. Kidole gani kinaibonyeza?

---

Bint Kalamu

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu umegusa penyewe.

Kidole kilekile. Kidole kidogo cha kushoto.

Leo ni siku ya nne na nilikuwa sijataka kuliandika mpaka niwe na hakika, lakini kiungo cha juu cha kidole hicho kinauma tangu jana. Kazi yangu inafanyika kwenye programu za tafsiri ambazo kila sentensi ikiisha unathibitisha kwa Control na Enter. Ninafanya sentensi mia tatu, mia nne kwa siku. Mkono uliozoea Control ya pembeni chini ulikuwa unaibonyeza kwa ukingo wa kiganja, bila kufikiri. Hapa hakuna Control ya chini, ni hiyo moja tu kando ya A. Kwa hiyo kidole kinachobeba nusu ya "wanaandamana" ndicho pia kinachobeba mia nne za Control. Kwa mtu anayeandika msimbo kwa Kiingereza mpangilio huu ni raha, na namuelewa Msimbo Nairobi anavyousifu. A yao haina kazi kama yetu. Si kosa la kibodi. Ni kwamba aliyeipanga alikuwa anafikiria mikono mingine.

Nifanyeje, mama?

---

Mama Uhazili

Marahaba. Kidole gumba chako kinafanya nini wakati vingine vinahangaika? Kinagonga nafasi tu, na mara nyingi ni kimoja, cha upande mmoja. Kile kingine kimelala. Nguvu ya mkono iko kwenye gumba. Tazama kama unaweza kukipa kazi.

---

Msimbo Nairobi

Mama amelenga palepale. Kushoto kwa kitufe cha nafasi kuna kile chenye alama ya almasi. Kwenye Windows kinafanya kazi ya kitufe cha Windows, na hukitumii mara nyingi. Kigeuze kiwe Control. Gumba la kushoto linakifikia likikunjwa kidogo tu. Ile Control ya zamani kando ya A usiifute leo, iache kwanza mpaka mkono uhame wenyewe.

---

Hesabu Safi (Arusha)

Mimi nipite haraka. Ni mhasibu. Nimeazima kibodi ndogo ya aina hii ya mwenzangu ofisini siku mbili za kufunga mwezi. Bila kile kibao cha namba cha upande wa kulia siwezi. Tarakimu nazipiga bila kutazama, jicho likiwa kwenye risiti. Anayefanya kazi kama yangu anunue kibao cha namba cha kando au asahau udogo. Kwa barua na ripoti, nakubali ni nzuri mno, na meza inapata nafasi ya chai.

---

Bint Kalamu

Siku ya saba. Leteni masikio.

Nilifuata ushauri wa mama na wa Msimbo Nairobi. Almasi ya kushoto sasa ni Control. Siku ya kwanza ya badiliko ilikuwa mateso, nilifungua menyu zisizo na idadi. Siku ya pili nilikamata. Leo asubuhi nimethibitisha sentensi 212 kwa gumba, nikasimama kunywa maji, ndipo nikakumbuka kwamba kidole kidogo kilikuwa na maumivu. Yamepungua sana. Mama, Mungu akuzidishie.

Nikaenda mbele kidogo. Kwa kuwa Control ya kando ya A imebaki bila kazi, nikaigeuza kuwa Backspace. Makosa yangu ya kuchapa mengi yanatokana na ile "nyumba" na ndugu zake, mkono wa kulia ndio unaokosea, kwa hiyo mkono wa kushoto ufute. Najua nimekiongezea kidole kidogo kazi tena, ila kufuta ni mara chache kuliko Control, na kadiri mkono unavyozoea kunapungua.

Kingo za kupapasa: za ubavu nimeziacha, ya kulia natelezesha ukurasa nikisoma matini ya chanzo. Za mbele nimeziondolea kazi zote. Mimi naegemeza viganja, na kiganja kinachoegemea ukingo wa mbele kinapapasa bila kukusudia. Anayechapa viganja vikiwa hewani atazifurahia.

Kinundu nacho kilitaka siku tano. Mwanzoni mshale ulikuwa unapita nilipotaka kusimama. Siri ni kutokisukuma. Unakiegemeza kidole, kama unavyopima maziwa kama yamepoa, mshale unaondoka taratibu. Nyie mliowahi kuwa na ThinkPad za mtumba za Kariakoo hili mnalijua tayari, kinundu kile kipo tangu 1992.

---

Kijana wa Likoni

Mimi nimeshaamua. Sinunui Studio, uwezo bado. Nimeagiza swichi za kunyamazishwa peke yake, sabini, nitang'oa hizi za buluu niweke hizo. Kibodi yangu ina matundu ya kuchomoka. Nikiziweka nitaleta majibu ya shuka.

---

Ziwa Kivu (Bukavu)

Ndugu zangu, nimekaa kimya nikisoma, lakini sasa ni lazima niongee. Ninyi mnalia juu ya A chini ya kidole kidogo. Sisi huku Kongo tunatumia AZERTY, mpangilio wa Wafaransa. Kwetu A haiko hata kwenye safu ya katikati. Iko safu ya juu, mahali ninyi mna Q. Na mahali ambapo ninyi mna A, pale kidole kinapolala, sisi tuna Q. Yaani herufi ambayo Kiswahili hakiijui imepewa kitanda kizuri kuliko zote, na A inapandiwa ngazi kila mara. Kwa Kifaransa wanavumilia, wao kila siku wana "que" na "qui". Mtu akiandika Kiswahili kutwa nzima kwenye AZERTY, kidole kidogo cha kushoto kinapanda na kushuka kama mbeba mzigo wa sokoni Kadutu.

Swali: hiyo HHKB Studio ipo ya AZERTY? Na wewe dada uliyehesabu vidole, neno "nyumba" kwetu ni tofauti. M yetu iko kulia kwa L, chini ya kidole kidogo cha kulia. Kwa hiyo N, Y, U ni kidole cha shahada, M ni kidole kidogo. Inagawanyika. Hapo tumewashinda.

---

Bint Kalamu

Ndugu yangu wa Bukavu, karibu sana, na asante kwa hili, sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo "nyumba" mmetushinda na "wanaandamana" tumewashinda.

Studio niliyoiona inauzwa kwa mipangilio miwili tu, wa Marekani na wa Japani. Lakini kompyuta haijali kilichoandikwa kwenye kofia. Ukiweka AZERTY kwenye mfumo wa kompyuta, kibodi yoyote inakuwa AZERTY, mradi vidole vinajua njia bila kutazama. Ila kuna jambo la kukuonya: kibodi ya Kifaransa ya kawaida ina kitufe kimoja zaidi kati ya Shift ya kushoto na W yenu, chenye alama za kulinganisha ukubwa. Kwenye HHKB ya Marekani kitufe hicho hakipo, utakipanga kwingine.

Na mkato wa juu kwenu uko wapi?

---

Ziwa Kivu

Uko kwenye safu ya namba, kitufe cha 4, bila Shift. Namba ndiyo inayotaka Shift. "Ng'ombe" ni safari: chini kwa N, katikati kwa G, juu kabisa kwa mkato, rudi.

Nimefanya jambo usiku huu baada ya kusoma hapa. Nina kibodi ndogo ya bei nafuu, swichi zake nyekundu, inakubali kupangwa. Nimebadilishana A na Q. Hizo mbili tu, mengine yote nimeyaacha yalivyo, kwa sababu ofisini bado naandika Kifaransa. Halafu nikang'oa kofia zenyewe nikazihamisha. Kofia ya A ilikuwa imelainika na herufi imefutika nusu. Ya Q ilikuwa mpya kabisa, maandishi yake meupe kama siku niliyoinunua.

Nimeandika "wanaandamana" mara ishirini. Mara kumi za kwanza nimeandika "wqnqqndqmqnq". Ya kumi na nne imetoka safi.

---

Mama Uhazili

Endelea na "baba ana saa", mwanangu. Ukurasa mzima, polepole, usitazame vidole. Kesho asubuhi uandike mwingine kabla ya kazi, kisha ulete majibu.

---

Bint Kalamu

Siku ya tisa. Kidole hakiumi. Mdogo wangu anarudi Japani Jumapili, nimempa kibodi achape barua ya kuombea ruhusa chuoni, akakaa nayo sebuleni dakika kumi. Akauliza kwa nini Control haifanyi kazi. Nikamwonyesha gumba.

Ziwa Kivu, nasubiri ukurasa wako.